Dawa imemwagikia manyoya ya paka: zuia ulimi kwanza, maji baadaye (mwongozo kamili)

Swali ni lile lile kila mara, "dawa imemmwagikia paka wangu, nimemwosha fasta lakini sasa anatoa mapovu, nifanyeje?" Na ukimhoji mtu taratibu unakuta kateleza pale pale walipoteleza wenzake, yaani kakimbilia bomba. Wakati anatafuta beseni, anatafuta sabuni, anapima maji kama ya moto au ya baridi, paka ameshajikunja kwenye kona na kujilamba mara thelathini. Kufika kwenye maji dawa nusu iko tumboni.

Kwa hiyo mpangilio wa mwongozo huu ni tofauti na unavyotegemea. Kuosha ni hatua ya nne, na kuna dawa ambazo huoshi kabisa.

Kitu cha kuelewa ni kimoja tu: manyoya ya paka ni sahani yake. Chochote kilichokaa pale atakila, kiwe kitamu kiwe kichungu. Ulimi wake una vijimiiba vilivyolala kuelekea kooni, akishakikwangua kitu kutema ni kazi. Halafu ini la paka lina upungufu kwenye njia mojawapo ya kuvunja kemikali, ndio maana dawa ambayo mbwa anaibeba bila shida paka inaweza kumuua.

## Viandae hivi kabla hujahitaji

Usisome orodha hii huku paka analowa. Vitafute leo, viweke kwenye mfuko mmoja, ujue viko wapi.

- Taulo mbili kubwa, moja ya kumfungia na moja ya kumkaushia
- Glavu za mpira, zile nyembamba zinatosha
- Karatasi za kufutia za jikoni au vitambaa vya pamba visivyo na rangi inayotoka
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ya kawaida, isiyo na dawa ya kuua vijidudu
- Wanga wa mahindi (ule unga mweupe laini wa kufanya supu iwe nzito) kwa ajili ya dawa za mafuta
- Mafuta ya kupikia kidogo, kwa marhamu nzito
- Koni ya shingoni (ile ya plastiki inayomzuia paka kujilamba); kama huna, soksi kubwa au fulana ya mtoto itasaidia
- Kitana chenye meno ya kubana
- Bomba la sindano lisilo na sindano, kwa kusuuzia sehemu ndogo
- Kopo la kumwagia maji
- Boksi la dawa lenyewe na karatasi yake ya maelekezo. Hii watu wanaitupa siku ya kwanza halafu wanajuta
- Simu yenye chaji na namba ya daktari wa mifugo, ya mchana na ya usiku

Glavu sio madoido. Kuna dawa za paka zinazopita kwenye ngozi ya binadamu vizuri tu, kwa mfano ile jeli ya tezi ya shingoni (thairoidi) inayopakwa ndani ya sikio, imetengenezwa makusudi ipenye ngozi, na haitachagua kama ni ngozi ya paka au yako. Mjamzito asiishike kabisa, amwite mtu mwingine.

## Hatua ya 1: Zuia ulimi (sekunde 30 za kwanza)

Mshike paka. Usimkimbize, ukimkimbiza ataingia chini ya kitanda na huko ndiko atakakojilambia kwa raha zake. Tupa taulo juu yake kama unavyofunika chungu, mkunje ndani abaki kichwa tu nje, shika kwa kubana kiasi cha kumtuliza sio kumziba pumzi.

Kama doa liko sehemu anayoifikia kwa ulimi (kifuani, mbavuni, miguuni, mkiani), mvalishe koni. Kama liko shingoni nyuma au juu ya kichwa usijidanganye kwamba hafiki, atapitisha mguu wa mbele pale halafu aulambe mguu. Na kama kuna paka mwingine ndani ya nyumba mtoe chumbani, kwa sababu paka wanaopendana wanalambana na utajikuta na wagonjwa wawili.

Huna koni? Kata ncha ya soksi kubwa, toboa matundu ya miguu ya mbele, mvishe kama blauzi. Sio suluhisho la siku tatu lakini nusu saa inakupa.

Umefaulu ukiona: paka yuko kwenye taulo, ulimi haufiki kwenye doa, na wewe una mkono mmoja huru.

## Hatua ya 2: Soma boksi kabla ya kugusa maji

Hapa ndipo watu wanaona kama nawachelewesha. Dakika moja tu. Unatafuta majibu manne: dawa inaitwaje, ni ya mnyama gani, nguvu yake ni miligramu ngapi kwa mililita, na imemwagika kiasi gani.

Kiasi cha kumwagika kadiria kwa kuangalia kilichobaki. Kijiko cha chai ni mililita 5, na mililita moja ya maji ni kama matone 20. Kadirio la hovyo ni bora kuliko kumwambia daktari "nyingi nyingi".

Nguvu ya dawa isome kwa macho mawili. Meloksikamu ya maji kwa mfano, ya paka mara nyingi ni miligramu 0.5 kwa mililita na ya mbwa ni 1.5, chupa zinafanana kama mapacha, kumbe moja ina nguvu mara tatu ya nyingine. Na dawa hiyo imetiwa ladha, paka hatapata shida yoyote kuilamba mpaka iishe, halafu figo ndizo zitakazolipa.

(Majina ya dawa nayaandika kwa Kiswahili. Kwenye boksi toa ile vokali ya mwisho, nilipoandika ks tafuta x, na k au s inaweza kuwa c, utaliona linalofanana.)

### Ukikuta mojawapo ya hizi, simu kwa daktari inapigwa sasa hivi

Hapa hungoji dalili. Mmoja anapiga simu mwingine anaendelea na hatua ya 3.

Dawa ya viroboto na kupe ya mbwa yenye permethrini. Hii ndio mbaya kuliko zote na ndio inayotokea zaidi, kwa sababu mtu ana mbwa na paka anaona bora agawe kijichupa kimoja. Zile za kudondoshea mgongoni mwa mbwa huwa na permethrini kali sana, asilimia 45 mpaka 65, na matone machache tu yanamtosha paka kutetemeka mwili mzima na kupata degedege. Paka anaweza kuipata hata kwa kulala na mbwa aliyepakwa leo.

Amitrazi, ya kuogeshea mbwa au kwenye kola zake. Paka analegea, mapigo ya moyo yanashuka.

Benzili benzoeti, ile dawa nyeupe ya upele ya binadamu. Watu wanampaka paka wakidhani upele ni upele. Sio.

Dawa zako wewe: parasetamoli ya maji, minoksidili ya kuotesha nywele, krimu ya fluorourasili, jeli za maumivu za kupaka. Parasetamoli inaharibu damu ya paka isibebe hewa, na minoksidili kidogo tu imeshaua paka kwa moyo na mapafu.

Ivamektini ya ng'ombe, hasa kwa mtoto wa paka. Ina nguvu iliyopimwa kwa mnyama wa mamia ya kilo.

Mafuta ya mti wa chai na mafuta mengine ya mimea yaliyokolea. "Ya asili" haimaanishi chochote kwa ini la paka.

### Ukikuta hizi, pumua kidogo

Antibayotiki ya maji ya paka mwenyewe, dozi yake ya kawaida. Dawa ya minyoo yake. Matone ya macho au ya masikio aliyoandikiwa yeye. Kilichomwagika hapa hakizidi kile ambacho angemeza au kupakwa hata hivyo, tatizo ni kunata na uchungu tu.

### Na hii usiioshe bila kuuliza

Dawa ya viroboto ya paka, ya uzito wake, umeidondosha vibaya ikaishia juu ya manyoya badala ya kwenye ngozi. Watu wanamwosha, wanaiondoa dawa yote, halafu wanadondosha kijichupa cha pili. Hapana. Mzuie kulamba mpaka ikauke, tenganisha manyoya uone kama kuna iliyofika kwenye ngozi, na soma karatasi, kila kampuni inasema muda wake wa kukaa bila maji. Akilamba kidogo atatoa mapovu dakika kadhaa na yatapita.

Umefaulu ukiona: unaweza kumtajia daktari jina, nguvu, kiasi na saa bila kusita.

## Hatua ya 3: Nyonya, usisugue

Vaa glavu. Kandamiza karatasi juu ya doa, hesabu mpaka tano, inua, chukua nyingine. Endelea hivyo mpaka karatasi itoke kavu au karibu na kavu. Unabonyeza tu.

Sababu ni kwamba ukisugua unafanya mambo mawili kwa mpigo, unaisambaza dawa kwenye eneo kubwa zaidi na unaisukuma chini kwenye ngozi inakoingia mwilini. Doa la ukubwa wa sarafu linageuka doa la ukubwa wa kiganja. Hilo nimelifanya mimi mwenyewe, na dawa yenyewe ilikuwa antibayotiki ya waridi, paka mweupe, alitembea wiki nzima kama mtu aliyetoka kupaka nyumba rangi.

Namna ya kunyonya inategemea dawa:

Ya maji na ya kunata (sirapu): karatasi kavu, halafu kitambaa chenye maji vuguvugu kilichokamuliwa sana. Mara nyingi kazi inaishia hapa hapa na huhitaji beseni.

Ya mafuta (matone ya masikio, dawa za kudondoshea, ila sio ile ya viroboto ya paka mwenyewe): karatasi, halafu nyunyizia wanga wa mahindi, acha dakika mbili tatu ukiwa umemshika, uchane kwa kitana. Wanga unakunywa mafuta. Hakikisha haubaki, maana ataulamba pamoja na dawa iliyomo ndani yake. Kama ni permethrini ruka wanga, nenda kwenye sabuni moja kwa moja.

Marhamu nzito: ondoa lile donge kwa upande wa nyuma wa kijiko, paka mafuta ya kupikia kidogo lilegee, futa. Sabuni baadaye.

Unga au kidonge kilichosagwa: hapa maji ni adui, yakigusa unga unayeyuka na kuganda kwenye manyoya. Ukung'ute kavu kwa kitana, ukiwa umeziba pua yako na macho ya paka.

Umefaulu ukiona: karatasi ya mwisho haina rangi wala harufu kali ya dawa, na doa halijakua.

## Hatua ya 4: Kuosha, kama kunahitajika

Unaosha kama dawa ni ya ile orodha ya hatari, kama ni ya mafuta na haikutoka kwa kunyonya, au kama daktari amekwambia uoshe. Nje ya hapo kitambaa kinatosha.

Onyo kabla ya yote: paka ambaye tayari ana degedege, amezimia, au anapumua kwa shida humpeleki kwenye beseni, unampeleka kwa daktari. Atazama kichwa au atakata pumzi mikononi mwako. Mfunge taulo, nenda, huko watamwosha wakishamtuliza.

### Joto la maji

Vuguvugu. Weka upande wa ndani wa kiwiko, usisikie moto wala baridi. Hili sio suala la starehe. Maji ya moto yanapanua mishipa ya damu kwenye ngozi na dawa inaingia kwa kasi zaidi. Maji ya baridi yanashusha joto la mwili, na paka mwenye permethrini akipoa kutetemeka kunazidi. Joto la kawaida la paka ni kama 38 mpaka 39, kwa hiyo maji ambayo wewe unayaona "ya uvuguvugu mzuri" ndio hayo hayo.

### Namna yenyewe

1. Weka taulo au kitambaa chini ya beseni au sinki. Paka akiteleza ndio anapopanda kichwani kwako, akiwa na pa kushika kucha anatulia nusu.

2. Usijaze maji. Akikaa ndani ya maji yenye dawa unamloweka kwenye sumu. Maji yamwagwe kwa kopo na yaondoke.

3. Kwa dawa ya mafuta anza na sabuni, kidogo tu, moja kwa moja kwenye doa huku manyoya yana unyevu mdogo sana. Ukimlowesha kwanza maji yanateleza juu ya mafuta na sabuni haishiki.

4. Povu lifanyie kazi kwa vidole kwenye doa, ukienda na mwelekeo wa manyoya. Usilipeleke kichwani.

5. Suuza kutoka juu kwenda chini, mbali na uso. Mkono mmoja uwe kama ukingo kati ya maji na macho.

6. Rudia mara mbili, mara tatu kwa permethrini. Raundi ya kwanza inatoa ya juu, ya pili ndio inatoa iliyo karibu na ngozi, watu wengi wanaishia ya kwanza.

7. Suuza mpaka uchoke halafu suuza tena, sabuni iliyobaki nayo atailamba.

Kwa nini sabuni ya vyombo na sio shampuu? Kwa sababu kazi yake ni kuvunja mafuta. Shampuu zenye kulainisha nywele zinaacha utando, na utando unashikilia dawa. Sabuni ya vyombo inakausha ngozi, ndio, kwa hiyo ni ya ajali tu.

### Vitu ambavyo haviguswi

Spiriti, mafuta ya taa, tapentaini, kiondoa rangi ya kucha, jiki. Vyote hivi watu wamevitumia "kuyeyusha" dawa, na vyote ni sumu mpya juu ya ile ya mwanzo. Dawa za kuua vijidudu zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikiingia kwenye maji pia hapana, paka hazimudu. Na zile za kusafishia zenye benzalkoniamu zinamchoma ulimi akijilamba, anaacha kula siku kadhaa.

### Ikiingia machoni

Acha vyote ushughulike na jicho. Maji safi vuguvugu au maji ya chumvi ya hospitali, kwa lile bomba la sindano, mfululizo mwembamba kutoka kona ya ndani kwenda nje, dakika 10 mpaka 15. Najua paka hatakubali dakika 15, fanya awamu. Usifikiche. Jicho likibaki limefumba au limekuwa na ukungu, ni la daktari siku hiyo hiyo.

Umefaulu ukiona: manyoya yaliyolowa ukiyapitisha kati ya vidole yanakwama kidogo, hayatelezi. Maji ya kusuuza ni meupe bila povu. Na ukinusa husikii dawa.

## Hatua ya 5: Mkaushe haraka

Taulo kavu, bonyeza bonyeza, badilisha ikilowa. Chumba kisicho na upepo. Mashine ya kukaushia nywele iwe ya joto la chini na mbali, na kama inamtisha achana nayo, hofu nayo inampandishia mapigo ya moyo.

Mtoto wa paka na paka mzee wanapoa haraka kuliko unavyodhani. Hao waweke kifuani kwako ndani ya taulo, au chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa pembeni yao. Pembeni, na awe na nafasi ya kusogea akiona joto limezidi.

Koni bado iko shingoni. Hapa ndipo mtu anaona kazi imekwisha, anamvua, na paka akiwa ameloa kitu cha kwanza atakachofanya ni kujilamba mwili mzima. Subiri akauke kabisa.

Umefaulu ukiona: mizizi ya manyoya imekauka (tenganisha uguse ngozi), masikio yana joto la kawaida, hatetemeki.

Na kama anatetemeka usiseme "ni baridi tu" ukaondoka. Mtetemeko wa baridi unapungua akipata joto ndani ya dakika chache. Wa sumu unaendelea, mara nyingi unaanza na masikio kurukaruka, ngozi ya mgongoni kucheza, miguu kukung'utwa kana kwamba amekanyaga maji.

## Hatua ya 6: Mwangalie, na uandike

Chukua karatasi, andika saa ya ajali, halafu kila baada ya nusu saa kwa masaa manne ya mwanzo andika unachokiona. Kwa permethrini dalili huwa zinaanza ndani ya masaa machache lakini zinaweza kuchelewa, mwangalie siku 3. Paka aliyeonekana mzima jioni na kuanza kutetemeka usiku wa manane sio ajabu.

Mapovu. Hili linawatoa watu roho kuliko yote. Paka akionja kitu kichungu anatoa udenda na povu jingi, utadhani anakufa, na mara nyingi ni ladha tu. Mpe maji, au mchuzi kidogo wa samaki usio na chumvi wala kitunguu wa kusafishia mdomo, ndani ya dakika 15 mpaka 30 linapungua. Lisipopungua, au likiambatana na kingine chochote hapa chini, sio ladha tena.

Kupumua. Akiwa amelala hesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa dakika. Chini ya 30 ni sawa. Akizidi 40 akiwa ametulia, au akipumua mdomo wazi, nenda.

Fizi. Inua mdomo uangalie. Waridi ni nzuri. Nyeupe, za bluu au za rangi ya tope ni dharura. Uso au miguu kuvimba baada ya parasetamoli, dharura pia.

Kutembea. Anayumba kama mlevi, mboni za macho zimepanuka hata kwenye mwanga, anagonga vitu.

Kula na kukojoa. Paka asiyekula siku nzima hasubiriwi, ini lake halivumilii njaa kama letu. Na kwa dawa za maumivu angalia mkojo, ukizidi sana au ukikosekana pigia daktari.

Ngozi pale palipokuwa na doa: wekundu, malengelenge, manyoya kunyonyoka siku ya pili.

Usimtapishe. Chumvi, vidole kooni, haidrojeni peroksaidi, vyote ni hatari kwa paka, vinaunguza tumbo au vinamwingiza matapishi mapafuni. Maziwa nayo hayaondoi sumu, hiyo imani sijui imetoka wapi lakini haifi.

### Ukimpigia daktari sema hivi

Taja dawa, nguvu, kiasi, saa, uzito wa paka, umefanya nini mpaka sasa, unaona nini. Uzito kama huujui panda kwenye mizani ukiwa umembeba, jipime peke yako, toa. Boksi nenda nalo. Na usione aibu kusema ulimpaka dawa ya mbwa, hilo neno moja linaokoa nusu saa ya vipimo. Permethrini inatibika vizuri kwa dawa za kulegeza misuli na dripu akifikishwa mapema.

## Hatua ya 7: Je, nirudie dozi?

Kwa kawaida hapana. Hujui kiasi gani kimemwagika, kiasi gani kimepita mdomoni na kiasi gani alilamba ulipokuwa unatafuta taulo. Ukirudia unaweza kuwa umempa dozi mbili. Antibayotiki ikikosekana mara moja haileti msiba, endelea na dozi inayofuata kwa saa yake. Dawa ya moyo, ya kifafa, insulini au ya tezi, uliza daktari kwanza, hizo kuzidisha na kupunguza kote kunauma.

## Umeligundua doa kesho yake, limekauka

Sirapu iliyokauka inakuwa kama gundi. Usivute, ngozi ya paka ni nyembamba na inafuata manyoya. Loweka kwa kitambaa cha maji vuguvugu dakika tano, irudie, halafu kitana kuanzia nchani kurudi ndani, ukiwa umeshika mizizi ya manyoya kwa vidole ili asisikie mvuto.

Likigoma, unalikata. Lakini sio kwa mkasi ukiwa peke yako! Fundo la manyoya huwa linainua ngozi ndani yake, unadhani unakata manyoya kumbe ni ngozi, na vidonda vya aina hii vinashonwa. Mashine ya kunyolea ndio salama. Kama mkasi ndio ulio nao, pitisha kitana kati ya fundo na ngozi, ukate juu ya kitana tu.

## Kwa nini inamwagika kila mara

Dawa ya maji: unampa kwa mbele na kwa haraka. Bomba liingie pembeni ya mdomo, nyuma ya lile jino refu, kichwa kikiwa sawa sio kimeinuliwa juu, sukuma nusu mililita, ngoja ameze, nusu nyingine. Funga kitambaa kifuani kama mtoto anayekula uji, kikilowa unakitoa na doa lako limetoka nalo.

Dawa ya kudondoshea: hujatenganisha manyoya. Chini kabisa ya kichwa, nyuma ya shingo, gawa manyoya mpaka uone mstari wa ngozi, ncha ya kijichupa iguse ngozi ndipo ubane. Fanya akiwa anakula. Mbwa akipakwa ya kwake wasilale pamoja, karatasi ya dawa ya mbwa itakwambia kwa muda gani, na kama ina permethrini na una paka ndani, mwombe daktari akubadilishie hiyo ya mbwa.

Boksi za mbwa ziweke kabati tofauti kabisa na za paka. Juu yake andika kwa kalamu nzito MBWA, kwa herufi ambazo utaziona hata ukiwa na usingizi.